Wenye Viti na Wenyeviti

Jina la nchi yetu sitaliandika hapa, mnisamehe. Sheria inasema jina hilo litatajwa na mtu aliyesimama tu, miguu pamoja na kidevu juu, na mimi haya nayaandika nimekaa mkekani kwa sababu magoti yangu hayanisikilizi tena. Sitaki kesi. Nyinyi someni tu, nchi mtaijua.

Kwetu kusimama ndiyo heshima, ndiyo uzalendo, ndiyo kila kitu. Shuleni, katika ile miaka michache niliyosoma, hatukuwa na madawati. Mwalimu alisema madawati yanalegeza uti wa mgongo wa taifa. Baadaye nilikuja kuyaona madawati yenyewe kwenye baa ya shemeji yake afisa elimu, na sikusikia kwamba wanywaji wa pale walipata shida yoyote ya mgongo.

Mtu mmoja tu ndiye anayekaa mbele ya watu, naye ni Mwenyekiti. Chini yake wako wenyeviti wadogo, wa mkoa, wa wilaya, wa soko, wa bomba la maji, na kila mmoja ana kiti kwa kipimo cha cheo chake. Wa taifa anakalia kiti chenye mikono na mto mwekundu. Wa bomba la maji ana stuli. Sisi wengine tunasimama, na kwa kweli tumezoea, hata maharusi wetu husimama mpaka ubwabwa uishe.

Vita navyo vilitokana na hayo hayo. Mkuu wa nchi jirani alibaki amekaa Mwenyekiti wetu alipoingizwa mkutanoni amebebwa na kiti chake. Wenyewe wakasema ana busha, kusimama kunamuuma. Sisi tukasema ni dharau. Vikaanza Vita vya Heshima, vijana wetu wakapelekwa mpakani, mahali ambapo ardhi ilikuwa imepandwa mabomu kama watu wanavyopanda viazi. Waliondoka wima, wakiimba. Wengi walirudi wamebebwa. Yule mkuu wa jirani akapasuliwa busha lake, akapona, na mkutano uliofuata akasimama. Redio ikatangaza tumeshinda.

*

Kati ya waliorudi wamebebwa yumo mume wangu, Koplo Nalinga. Miguu yake yote miwili ilibaki huko mpakani. Nyumba ya pili kutoka kwetu ni ya Sajini Mchopa, yeye alirudi na miguu yake lakini uti wa mgongo umekatika, kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii hata umpige na nyundo. Mkewe ni Bi Siwema, shoga yangu, mwanamke ambaye Mungu hakumpa uwezo wa kunong'ona.

Koplo wangu alikuwa anatembea kwa mikono. Makalioni amejifunga kipande cha tairi la lori, viganjani amevaa ndala, na hivyo hujiburuta mpaka mlangoni, mpaka uani. Chooni ndiko hawezi. Choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na mtu asiye na magoti atachuchumaaje? Kwa hiyo namtia mgongoni, nampeleka, namshikilia, namrudisha. Naye ni mtu mwenye haya. Anaweza kujibana kutwa nzima, jasho linamtiririka, anasema si kitu, ni joto.

Siku moja nikiwa nimembeba akaniambia sikioni, "Somoe, mimi niliapa kulilinda taifa. Sikuapa kukupanda wewe."

"Nyamaza wewe mwanamume, tutaanguka wote."

"Tukianguka nitakuwa nimeanguka vitani."

"Utakuwa umeanguka chooni, na ndivyo nitakavyowaambia watu."

Tulikuwa tunacheka. Lakini lile tairi lilimchubua, mchubuko ukawa kidonda, kidonda kikawa shimo. Daktari wa zahanati akaja, akafunua, akafunika. Akanitoa nje.

"Bibi, huyu anatakiwa ainuke sakafuni," akaniambia. "Apate kiti cha magurudumu chenye mto, kidonda kisichubuliwe tena. Kikifika kwenye mfupa, mimi sina dawa, na hospitali ya mkoa haina, na hata ya taifa watakudanganya tu."

Sajini Mchopa naye alikuwa na vyake. Kwa kuwa hasikii maumivu, vyake vilijulikana kwa harufu.

*

Basi redio ikatangaza habari njema. Askari wazee wa nchi moja ya mbali, nao waliokatika viungo katika vita vyao, wamesikia habari za wenzao wa huku. Wamechangishana, wametuletea meli. Ndani mna viti vya magurudumu na magongo ya kutembelea, wapewe wapiganaji, bure.

Siwema alikuja mbio, kanga moja, ya kichwani imebaki njiani. "Somoe! Somoe we! Viti vimeshuka bandarini!"

"Vina mito?"

"Vina mito, vina breki, vina pa kuwekea miguu!"

Koplo akajibu kutoka ndani, "Hapo pa miguu mimi niwekewe chai."

Tulicheka mpaka Sajini kule kwake akapiga kelele kuuliza nani kapandishwa cheo. Siku ile nilifagia uwanja mzima, nikang'oa mawe, nikasawazisha ardhi kutoka mlangoni hadi njiani, magurudumu yasije yakakwama.

Sasa bandarini kulikuwa na mwanasheria wa serikali, kijana aliyesoma mpaka akasahau kucheka. Akaukagua mzigo. Akawauliza makuli, "Hivi ni nini?"

"Viti, mheshimiwa."

"Vya nani?"

"Vya wapiganaji."

"Kwa hiyo kila mpiganaji atakuwa na kiti."

"Ndiyo maana vimeletwa, mheshimiwa."

"Na mtu akiwa na kiti, anaitwaje?"

Makuli wakatazamana. Mmoja wao, maskini ya Mungu, akajibu alivyojua: "Si ataitwa mwenye kiti?"

Jibu hilo ndilo lililotuua.

*

Halmashauri Kuu iliitishwa kwa dharura. Aliyezungumza alikuwa Mheshimiwa Daktari Bakuza, Waziri wa Wapiganaji, Heshima na Mambo ya Wima. Udaktari wenyewe alipewa na chuo alichokikatia utepe. Redio ilituletea hotuba yake yote, na sisi tukaisikiliza tumesimama, isipokuwa wenye hotuba yao, yaani wapiganaji, ambao walilala.

"Ndugu wajumbe!" alinguruma. "Tangu lini nchi moja ikawa na wenyeviti mamia kwa mamia, tena hawakupigiwa kura, tena hawana kadi? Leo watapewa viti, kesho watataka ajenda! Na viti hivi vina magurudumu, ndugu wajumbe. Kiti cha Mwenyekiti wetu mpendwa hakina magurudumu. Je, kiti chenye mwendo kikikutana na kiti kisicho na mwendo, kipi kitampisha mwenzake? Haya si misaada, ndugu zangu. Haya ni mapinduzi yaliyotiwa upepo!"

Wakapiga makofi mpaka betri za redio yangu zikaisha.

Ikaamuliwa viti vizuiliwe. Magongo, hata hivyo, yagawiwe mara moja, kwa sababu gongo humsaidia mtu kusimama na kusimama ni uzalendo.

Sherehe ya magongo ilifanyika uwanja wa mpira. Tuliwabeba waume zetu kwa mikokoteni ya maji. Waliokatika mguu mmoja walipata magongo, wakafurahi, nami niliwafurahia. Kisha wakafikiwa wale wasio na miguu kabisa, na wale wa viuno vilivyokufa, wakapewa nao, magongo mawili mawili, kila mmoja akipigwa picha. Wimbo wa taifa ukapigwa. Kila mtu akasimama. Wetu wakabaki chini kwenye nyasi, magongo yamelazwa mapajani mwao, wale wenye mapaja.

Afisa mmoja akampitia Koplo wangu. "Wewe! Umeshapewa kifaa, mbona husimami?"

"Afande, kifaa ni kizuri sana," Koplo akamjibu kwa adabu. "Nasubiri kiote miguu."

Akaandikiwa onyo la kukaa mbele ya wimbo. Sajini Mchopa akaandikiwa la kulala mbele ya wimbo, ambalo ni kubwa zaidi.

Magongo yetu niliyatumia kutundikia kamba ya kuanikia nguo. Ni imara. Waliotuma wana roho nzuri.

*

Viti havikuweza kukaa bandarini milele, vilikuwa vinachukua nafasi ya magari ya wakubwa. Hapo ndipo Mheshimiwa Bakuza alipopata akili ambayo hata mimi niliistaajabia. Alisema: kosa si kuwa na viti vingi, kosa ni kuwa na viti vingi kuliko wenyeviti. Basi tuwatengeneze wenyeviti.

Zikaundwa kamati za kuwashughulikia wapiganaji, kila kiti na kamati yake. Kamati ya Magurudumu ya Mbele. Kamati ya Magurudumu ya Nyuma. Kamati ya Breki. Kamati ya Mito. Kamati ya Kukagua Kama Miguu Imeanza Kuota. Mwenyekiti wa kila kamati akakabidhiwa kiti cha magurudumu akikalie, ili ayajue mateso ya wapiganaji. Mheshimiwa Bakuza mwenyewe, ambaye maisha yake yote ya uwaziri alikuwa anasimama na roho inamuuma, akawa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Viti. Siku ya kukalia alilia machozi. Nilimsikia redioni, kwikwi zile hazikuwa za uongo.

Hapa niwaeleze sheria moja, maana wageni huwa hawaielewi. Kwetu, Mwenyekiti akinyanyuka kitini amejiuzulu, na atakayekutwa amekalia kile kiti ndiye Mwenyekiti. Sheria hii aliiweka Mwenyekiti wa taifa wiki ile aliyoingia madarakani. Aliyemtangulia alinyanyuka kwenda kufunga dirisha, mvua ilikuwa inaingia, na aliporudi akamkuta huyu wa sasa ameshakaa. Kulala kitandani kunaruhusiwa, kwa sababu aliyelala hajanyanyuka. Kwenda haja kunaruhusiwa pia, ila choo kiwe cha kukalia. Sheria inakiita kiti msaidizi.

Kwa hiyo milango ya vyoo vya wizara ikavunjwa na kupanuliwa, wenyeviti wapite na viti vyao. Mafundi walifanya kazi usiku na mchana. Sijaona kazi ya serikali ikienda mbio vile tangu vita.

Na mume wangu alikuwa sakafuni.

*

Sajini Mchopa alikufa Ijumaa. Vile vidonda viliungana, vikamla. Siwema alikuwa amemgeuza kila saa, ubavu huu, ubavu ule, mpaka mikono yake mwenyewe ikavimba, na bado.

Mazishini serikali ilituma mwakilishi, na mwakilishi alikuwa Mheshimiwa Bakuza. Alikuja kasukumwa na maafisa wawili, kakaa kwenye mto, vumbi la makaburini linachezea vile vyuma vinavyong'aa. Sisi tukasimama, ndiyo sheria. Jeneza likawekwa chini. Siwema alikuwa na sisi wanawake, upande wa nyuma. Akatazama kile kiti. Kisha akauliza, na nimeshasema hawezi kunong'ona:

"Hicho si ndicho kiti?"

Maafisa wakatazama jeneza.

"Nauliza. Hicho si kimojawapo cha vile vya wapiganaji?"

Mheshimiwa akakohoa, akavaa sura ya msiba. "Mama, pole sana. Ndicho. Kamati yangu imeona ni vyema kiti hiki kije kumuaga marehemu."

Nilimtazama shoga yangu. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa chini, pale pale mavumbini, mbele ya Mwenyekiti, kosa la jinai. Na maafisa, kwa sababu ya msiba, wakajifanya hawakuona.

Usiku ule nilimgeuza Koplo wangu, nikamwosha kidonda. Ndani yake niliona kitu cheupe kinataka kuchungulia. Sikumwambia.

*

Asubuhi nikaenda wizarani. Mimi ni mtu wa subira, kila mtu atawaambia, niliisubiri meli, nikausubiri uamuzi, nikazisubiri kamati. Katibu muhtasi, binti mzuri aliyesimama nyuma ya meza ndefu mpaka miguu imemvimba, akanizuia mlangoni.

"Mheshimiwa yuko kitini, bibi."

"Najua, mwanangu. Ndicho nilichofuata."

Akanipitisha, nadhani hakunielewa. Ndani nikampa Mheshimiwa shikamoo. Ndiyo, mimi, umri wa kumzaa. Sheria inasema aliyesimama humwamkia aliyekaa. Akaitikia marahaba bila kupepesa jicho.

"Haya mama, shida yako?"

"Kidonda cha mume wangu kimefika karibu na mfupa. Naomba kiti."

Akacheka, tumbo likacheza. "Kiti! Mama, kiti hakiombwi, kiti kinagombewa. Uzee huu na wewe unataka uenyekiti?"

"Sitaki uenyekiti. Nataka pa kumkalisha mtu."

"Sasa sikiliza nikueleweshe." Akaviweka vidole vyake pamoja. "Sisi hapa hatukai kwa starehe. Tunafanya utafiti. Tunaonja mateso ya wapiganaji wetu, kiungo kwa kiungo. Na nikuambie ukweli, ni mateso. Mgongo wangu huu! Kutwa nzima umekaa, huwezi kunyanyuka. Watu hawajui."

"Na mto je?"

"Mto?" Uso ukamlainika. "Aa, mto uko vizuri. Mto hauna neno." Na akajitikisa kidogo juu yake, kushoto na kulia, ili nione ulivyo laini.

Wajukuu zangu husema bibi yao hana hasira. Sijui kama ilikuwa hasira. Nilizunguka ile meza taratibu, nikafika nyuma yake, nikashika mipini, nikaachia breki kwa mguu. Siwema alinifundisha breki ilivyo siku ile ya habari za meli, tulipokuwa tunaota viti.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakusaidia utafiti."

Nikamsukuma.

*

Msinione mzee. Kwa miaka nimembeba mwanamume mzima mgongoni, itakuwa huyu mwenye magurudumu? Tulitoka mlangoni, tukaingia kwenye ujia. Mheshimiwa akapiga kelele, "Walinzi! Nikamatieni huyu bibi!"

Lakini Mwenyekiti akipita kitini, mlinzi lazima apige saluti na asitikisike mpaka apotee machoni. Walinzi wakapiga saluti. Macho yaliwatoka, lakini mikono hawakuisogeza. Kwenye ngazi kulikuwa na mteremko mpya wa saruji, waliujenga kwa ajili ya viti, tukashuka nao vizuri kabisa. Barabarani askari wa usalama akasimamisha magari yote. Sokoni wachuuzi wakasimama wima, videvu juu. Mama muuza dagaa mmoja akapiga kigelegele, akidhani ni ziara.

"Bibi, simama! Naamuru!"

"Shuka basi, baba, utembee. Miguu si unayo?"

Aliiangalia ardhi ikipita chini yake kama mtu aliyeparamia mnazi asijue pa kuteremkia. Akashika mikono ya kiti kwa nguvu. Hakushuka. Kushuka ni kujiuzulu.

Koplo alikuwa uani, kwenye kipande chake cha tairi, anachambua mchele. Akaona magurudumu kwanza, kisha akapandisha macho.

"Somoe, umeleta nini?"

"Kiti."

"Na hicho kilichoko juu yake?"

"Hicho hakitoki."

Mheshimiwa akajikusanya. Mazoea ni kitu kibaya, hata pale alikunja uso na kusema, "Koplo! Simama unapozungumza na Mwenyekiti!"

Koplo akauweka ungo pembeni.

"Nilisimama, Mheshimiwa," akasema. Sauti yake haikupanda. "Mliniambia simama nikasimama, mkaniambia songa mbele nikasonga. Miguu niliyosimamia mnajua mlikoiacha. Kailete."

Kuku wakaendelea kuparua.

Mimi nilimhudumia mgeni, siwezi kumwacha mtu uani kwangu bila kitu. Nilimpa papai, lililoiva sana. Nikampa chai ya rangi, kikombe kikubwa, na kingine. Jua lilikuwa kali, nikamletea maji ya mtungini, akanywa yote. Jua likapinda. Nikaona anaanza kukaza magoti. Jasho likamtoka.

"Bibi," akaniita, safari hii kwa upole. "Choo kiko wapi?"

"Kile pale, nyuma ya mgomba."

"Ni cha… kukalia?"

"Cha shimo, baba. Cha kuchuchumaa."

Akakaza magoti zaidi.

"Jibane tu, Mheshimiwa," Koplo akamwambia. "Mimi hujibana mpaka mke wangu arudi kutoka kisimani. Tazama paa, soma maandishi ya kwenye bati. Husaidia kidogo."

"Koplo, nisaidie. Kibinadamu."

"Nikusaidieje? Nikubebe?"

Alisoma bati. Alisoma tena. Alifumba macho, akayafumbua, akatoa sauti ndogo kama ya paka, kisha akaruka! Naapa sijaona mtu akikimbia vile, miguu mizuri, yenye afya, inapishana kuelekea mgombani.

Mume wangu hakungoja nimbebe. Aliufungua ule mkanda wa tairi, akauacha ardhini, akajivuta kwa mikono yake, mkono mmoja hapa, mwingine pale, akapanda. Akakaa. Ule mto ukamzamisha taratibu. Alifumba macho, akapumua kwa muda mrefu, na uso wake ulibadilika, kwani nadhani tangu mpakani mwili wake ulikuwa haujalala mahali pasipouma. Mimi niligeuka nikajifanya naangalia jungu.

*

Walinzi walipofika, mbio, wamelowa jasho, walimkuta Koplo kitini na Bakuza anatoka nyuma ya mgomba kashikilia suruali.

"Huyo si Mwenyekiti!" Bakuza akafoka. "Mwenyekiti ni mimi!"

Kapteni akamtazama, akamtazama Koplo. Akakuna shingo. "Kiti chako kiko wapi, mzee?"

Mzee! Asubuhi alikuwa Mheshimiwa.

Kisha Kapteni akageuka, akagonganisha visigino. "Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Viti, tunasubiri agizo."

Koplo aliwatazama viatu kwanza, ndivyo alivyozoea kuwaona watu. Ilimchukua muda kuinua macho.

"Kamati zinafanya utafiti wa mateso ya wapiganaji," akasema. "Utafiti wa ofisini hautoshi. Agizo langu: kila mke, mama au binti wa mpiganaji aingie ofisi ya kamati yoyote, amsukume Mwenyekiti wake mpaka nyumbani, mateso yalipo. Atakayewazuia anazuia kazi ya serikali. Na Kapteni…"

"Ndiyo, Mheshimiwa!"

"Wapewe papai."

Daktari alikuja jioni, akafunua kile kidonda, akakigusa pembeni. "Bibi, umewahi," akasema mwisho. "Kwa unene wa ukucha."

Keshoye korido za wizara zilijaa wanawake. Njia nzima ilikuwa magurudumu, wenyeviti wamekaa vichwa wazi juani, wanalia, wanaamuru, wanabembeleza, na askari wa barabarani saluti zimemchosha mkono. Nilisimama njiani kuwatazama, nikicheka mpaka machozi.

Ndipo nikamwona Siwema. Mwanamke wa eda hatoki nje, na yeye bado alikuwa na nguo zake za eda mwilini. Alikuwa anamsukuma Mwenyekiti wa Kamati ya Mito, bwana mnene mwenye miwani, ambaye alikuwa amekwishachoka kupiga kelele. Lakini hakukata kushoto kwenda majumbani kwetu. Alinyoosha moja kwa moja.

Nikamkimbilia. "Shoga, huyo unampeleka wapi? Sajini tumeshamzika."

"Najua tulipomzika," akasema. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema kwa sauti ya chini, nikalazimika kusogea ili nisikie. "Nampeleka huko huko. Akamwambie mwenyewe mto ulikuwa wapi."

Njia ya makaburini ina mchanga mwingi, gurudumu lilikuwa limezama. Nikashika mpini wa kushoto, yeye akashika wa kulia, tukasukuma.